Ikwiriri ni kijiji, mji mdogo au wilaya? Karatasi ya babu inasema kingine kabisa

mjukuu_wa_kizuiani

Wakuu salama? Nina jambo naomba mnisaidie maana nimeuliza watu wanne nimepata majibu manne.

Mimi mtoto wa Mbagala Kizuiani, kwetu asili ni Ikwiriri, mkoa wa Pwani, ila nimefika mara mbili tu maishani na mara ya mwisho ilikuwa msiba wa babu mzaa mama. Sasa juzi mama mkubwa kafungua sanduku lake katoa karatasi ya kiwanja cha babu. Karatasi yenyewe ya daftari la mistari, wino wa bluu, imekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo imetoboka, tarehe inasomeka 1987, chini kuna dole gumba la babu na muhuri wa duara uliofifia, yanasomeka maneno matatu tu SERIKALI YA KIJIJI, jina la kijiji lenyewe limeshaliwa na jasho. Mipaka imeandikwa hivi: "kaskazini njia ya baiskeli, mashariki mwembe dodo, kusini bonde, magharibi barabara ya magari." Basi, hakuna vipimo hakuna nini.

Nikampigia binamu yangu yuko kule akaniambia kaka huku hakuna kijiji siku hizi, huku ni mji mdogo, mwenyekiti wa kijiji hayupo yupo wa kitongoji. Jirani yangu hapa ananiambia mji mdogo ni jina tu we nenda kwa mjumbe wa nyumba kumi atakusainia. Fundi mmoja wa Kibiti kasema hiyo wilaya yao Kibiti, mwingine kasema Utete. Mimi nimezoea huku kwetu, mtaa halafu kata halafu manispaa ya Temeke, ukitaka barua unajua foleni iko wapi.

Sasa swali, hiyo Ikwiriri kiserikali ni kitu gani, na karatasi yenye muhuri wa kijiji ambacho hakipo tena naipeleka kwa nani? Mama mkubwa anataka twende yeye na mimi mwezi huu huu.

PilipiliMbuzi

mwembe dodo upo bado lakini? maana kama umekatwa mpaka wako wa mashariki ulishapikiwa chipsi hapo Rangi Tatu 😂😂

mjukuu_wa_kizuiani

Mkuu usinichekeshe nina mawazo mwenzio

KondaMstaafu

Dogo nimefanya njia hiyo miaka mingi, tangu daraja halijakuwepo, ngoja nikuwekee ramani kichwani kwanza halafu wenye sheria watakuja.

Ukitoka Rangi Tatu unapita Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti ndo unaingia Ikwiriri. Zamani kuanzia hapo Jaribu mpaka mpaka wa Kilwa yote ilikuwa wilaya moja ya Rufiji. Miaka kumi hivi iliyopita ikakatwa, Kibiti ikawa wilaya yake na halmashauri yake, Ikwiriri ikabaki Rufiji. Huyo fundi wako hajadanganya sana, amebaki zamani tu au anavutia kwake. Na hakuna mji unaitwa Rufiji, usije ukashuka ukauliza "Rufiji mjini wapi", Rufiji ni mto na ni wilaya, makao makuu ya wilaya yako Utete. Hapo ndo watu wanapochanganyikiwa maana Ikwiriri ndo kubwa, ndo penye stendi na soko na mafundi wa vitanda vya mninga barabarani, lakini mkurugenzi na mkuu wa wilaya wanakaa Utete ng'ambo ya mto. Kwenda Utete kutoka Ikwiriri unavuka daraja la Mkapa unashuka mpaka Nyamwage halafu unakata kulia kilomita kama 33, au unazunguka Mkongo unavuka kwa kivuko. Kwa hiyo mtu wa Ikwiriri akitaka saini ya ofisi ya juu lazima avuke mto, hiyo ndo jiografia na ndo siasa ya pale kwa pamoja.

Daraja lile lina mita 970, lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo tulikuwa na kivuko Ndundu na masika ikikolea unalala na abiria wako siku mbili tatu, nimekula sana samaki wa kukaanga wa wale kina mama kwenye foleni, perege na kambare, mpaka leo sijala tena kambare mtamu vile.

Sasa nirudi kwenye karatasi yako. Barabara kuu pale inapita kaskazini kwenda kusini, mto uko kusini ya mji. Kama babu yako magharibi yake ni barabara na kusini yake ni bonde basi kiwanja kiko upande wa mashariki wa barabara kule mji unapoishia kuelekea Ndundu. Angalizo moja tu, barabara ya magari ya 1987 sio lazima iwe hii lami ya leo, muulize mzee wa pale barabara ya zamani ilipita wapi kabla hujaanza kuhesabu hatua.

Na hilo neno BONDE usilipite hivi hivi. Aprili 2024 maji yalivyojaa wewe ulikuwa Dar unaangalia kwenye simu, sisi tuliona Muhoro na mashamba ya bondeni yamekuwa bahari. Uliza maji yalifika wapi.

mtendaji_wa_zamani

Nimekuwa mtendaji wa kijiji halafu mtendaji wa kata Pwani hii hii mpaka nastaafu, sasa niko Chanika nafuga kuku. Konda kamaliza ramani, mimi nichukue serikali.

Kijana kwanza sahau hii picha ya Dar. Huku kwenu mko chini ya sheria ya mamlaka za miji, Na. 8 ya 1982, ndo maana mna mitaa na hamna vijiji. Kule shambani kuna sheria nyingine, Na. 7 ya 1982, ya mamlaka za wilaya. Na mji mdogo, hapa ndo watu wote wanapotea, mji mdogo uko ndani ya hiyo Na. 7, ya wilaya, sio ya miji. Yaani jina lake mji lakini baba yake ni halmashauri ya wilaya. Hauna mkurugenzi wake, una afisa mtendaji wa mji mdogo ambaye anaripoti kwa mkurugenzi wa wilaya, kwa Ikwiriri ina maana Utete. Bajeti inapita huko huko.

Chini yake hakuna vijiji na hakuna mitaa, kuna vitongoji. Kitongoji kwenye kijiji ni kipande cha kijiji, kwenye mji mdogo kinaning'inia moja kwa moja kwenye mamlaka ya mji. Wenyeviti wa vitongoji wanachaguliwa na wananchi kwenye ule uchaguzi wa serikali za mitaa, wa mwisho ulikuwa 27 Novemba 2024, halafu wao ndo uti wa mgongo wa baraza la mji mdogo na wanamchagua mmoja wao awe mwenyekiti wa mji. Kata zinaendelea kama kawaida na madiwani wao wanaingia baraza la wilaya, kwa Ikwiriri kuna kata ya Ikwiriri yenyewe, Umwe na Mgomba. Umeona? Mwananchi mmoja ana mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kata, diwani, mtendaji wa mji mdogo, na juu yao wote halmashauri. Mjumbe wa nyumba kumi ni wa chama, hana muhuri wa serikali, jirani yako anakupoteza.

Sasa niseme lile ambalo nimelisema kwenye vikao mpaka nikaitwa mkorofi. Kijiji kikigeuzwa mji mdogo watu wanapiga vigelegele, tumekuwa mji jamani, na hawajui wamepoteza nini. Kijiji kina mkutano mkuu, kila mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na kwa sheria ya ardhi ya vijiji, Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji (wale watu 15 mpaka 25) haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu kukubali. Bibi asiyejua kusoma anasimama chini ya mwembe anasema huyu simtaki, na likaandikwa kwenye muhtasari. Nimeshuhudia, mwekezaji kaja na gari mbili na kompyuta, akasimama mama mmoja ana kanga kiunoni akauliza "maji ya kunywesha hayo mashamba yako utayatoa wapi, si kwenye kisima chetu?" kikao kikaisha hapo. Kikishakuwa mji mdogo kile kijiji kinakufa kisheria, mkutano mkuu wenye nguvu juu ya ardhi unakufa nacho, ardhi inaenda kwenye mipango miji na wataalamu wa halmashauri. Na ile hadhi ya manispaa yenye mapato yake hujaipata bado. Umetoka sebuleni, chumbani hujafika, umesimama kwenye mlango.

Ndo maana muhuri wako unasema kijiji. 1987 babu yako alikuwa halali kabisa, serikali ya kijiji ndo ilikuwa na mamlaka.

mama_korosho

Mtendaji kasema kweli tupu na mimi niongeze la kwangu ili mdogo wangu ajifunze kwa mwenzie.

Nilinunua robo eka mji mdogo mmoja Pwani, siutaji, sio Ikwiriri. Nikapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzuri kweli kanikaribisha chai, kaandika karatasi tukasaini mashahidi wanne, kagonga muhuri, halafu akataka asilimia kumi yake "ya ofisi". Nikatoa, nikijua ndo utaratibu. Mwaka mmoja baadaye nimepeleka tofali nakuta kigingi cha saruji cheupe, kile cha wapima ardhi, katikati ya kiwanja. Nauliza naambiwa mama hapa kwenye mchoro ni njia ya mita kumi na mbili na nusu kwenye pembe hii na kile kipande cha nyuma ni eneo la wazi. Mchoro gani? Mchoro wa mipango miji, ulikuwepo ofisi ya ardhi siku zote mimi nakunywa chai kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti hakuwa na nguvu ya kugawa wala kuidhinisha, alikuwa shahidi tu kama mashahidi wengine ila huyu ana wino. Nilibakiwa na kipande kama cha kujengea banda. Hiyo asilimia kumi hata risiti sina.

Kwa hiyo usianzie kwa muhuri, anzia kwenye mchoro.

mjukuu_wa_kizuiani

Dah pole sana dada. Sasa mmenitisha, ina maana hii karatasi ya babu imeshakuwa ya kufungia maandazi? Kama kijiji kimekufa na haki yake imekufa?

mtendaji_wa_zamani

Hapana, hapo usichanganye. Kijiji kimekufa, haki ya babu haikufa. Iko kesi maarufu ya 1994 Mahakama ya Rufani, Mwanasheria Mkuu na Akonaay, mahakama ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali kama mali nyingine inalindwa na katiba, haichukuliwi hivi hivi bila fidia. Kwa hiyo mji kuja juu ya ardhi yako hakukufanyi mvamizi. Ila ile karatasi sasa ni ushahidi wa kwamba mlikuwepo, sio hati. Hati mtaipata baada ya kupimwa, na kwa kuwa ni mji itakuwa hatimiliki ya kawaida ya miaka, sio ile ya kimila ya kijiji.

Sasa mwendo wenyewe. Msianze na ardhi, anzeni na marehemu. Kiwanja ni cha babu na babu hayupo, wewe na mama mkubwa wako hamna nguvu ya kusaini chochote mpaka awepo msimamizi wa mirathi. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari wote wasaini na wale wajomba wenye maneno mengi wawepo, mwende mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo. Mahakama ya mwanzo ya kule kule babu alikokuwa anaishi, sio Mbagala, nimeona watu wanafungua Dar kwa sababu ndo karibu na daladala halafu linakuja pingamizi la mamlaka ya mahakama wanaanza upya. Mkishapata msimamizi, mtendaji wa kata anawaambia mko kitongoji gani sasa hivi maana vitongoji vinagawanywa kila karibu na uchaguzi, mwenyekiti wa kitongoji anawatambulisha na majirani wa mipaka, halafu ofisi ya ardhi mnaangalia mchoro kama alivyosema mama korosho. Mkikuta mtu yuko ndani ya mpaka msigombane, baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, tangu mabadiliko ya 2021 halitoi hukumu, ikishindikana ni baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Piga picha hiyo karatasi leo leo kabla mikunjo haijaachia.

Ndundu_Finest

Naona mnaponda sana mji mdogo humu. Mimi nimezaliwa Umwe na niko Tandika kwa biashara tu, nawaambia bila mji tusingepimwa hata kiwanja kimoja. Kijiji hicho mnachokisifia kilikuwa na mikutano mikuu inayotakiwa kila miezi mitatu, inakaa mara moja kwa mwaka, tena wakija wageni wa kugawa vyandarua. Mkutano mkuu wenye nguvu ulikuwa kwenye karatasi bro. Angalau mji mdogo mtu unajua njia inapita wapi.

Tunacholia sisi ni mto. Mji uko huku, halmashauri iko kule, vikao vya uamuzi viko kule. Mji wa watu wengi kuliko makao makuu halafu tunahesabiwa kama kiambatanisho.

Ila kodi ya jengo kwenye LUKU tunakatwa 1,500 kila mwezi kama nyie wa Mbagala hapo hatuhesabiwi kiambatanisho 😂

mtendaji_wa_zamani

Ndundu sikatai, vikao nimeviita mwenyewe wakaja watu tisa na mbuzi. Lakini mkutano usiokaa unaweza kuitisha, mkutano uliofutwa utauitisha wapi?

Ndundu_Finest

Hiyo nakupa mzee

KondaMstaafu

Nyie wote mnasahau pale watu walifikaje. Wazee wengi wa Ikwiriri hawakuwa Ikwiriri, walikuwa bondeni kwenye mpunga. Mafuriko ya 1968 yakaja, serikali ikawatoa bondeni ikawapandisha juu, ndo Operesheni Rufiji hiyo, kabla nchi nzima haijahamishwa kwenye vijiji vya ujamaa miaka ya sabini. Ndo maana mpaka leo mtu wa pale ana nyumba juu na shamba chini, msimu wa mpunga anahamia dunguni, ile nyumba ya miti iliyoinuliwa juu, maji yanapita chini na ndege anawafukuzia juu, halafu maji yakipungua anapanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko kwenye ule udongo wenye unyevu, mahindi na kunde. Serikali ilichora kijiji, watu wakaendelea kuishi sehemu mbili. Ukija kuuliza "mkazi wa kitongoji gani" mtu anakujibu kutegemea na mwezi.

Sasa dogo, hiyo karatasi ya 1987, una uhakika ni ya KIWANJA? Soma vizuri, isije ikawa ni ya shamba.

mjukuu_wa_kizuiani

Mkuu umenifanya niamke saa nne usiku nimeenda kumgongea mama mkubwa. Tumesoma na tochi ya simu. Mstari wa kwanza ambao sote tulikuwa tunauruka kwa sababu mkunjo umepita hapo hapo, umeandikwa "amepewa mahali pa nyumba na..." halafu pametoboka, halafu "...ake la mpunga". Mama mkubwa akanyamaza kidogo akasema eeh, babu yenu alikuwa na dungu, mimi nilikuwa napelekwa kule kulinda ndege na fimbo na makopo, nilikuwa naogopa kiboko. Hajawahi kunisimulia hata siku moja.

Kwa hiyo ni viwili, nyumba na shamba, na mipaka minne iliyoandikwa sijui ni ya kipi.

KondaMstaafu

Mpaka wenye barabara ni wa nyumba. Barabara ya magari bondeni 1987 ungeiona wapi. Shamba litakuwa limeandikwa kwa mdomo tu, muulize mama mkubwa majina ya majirani wa dunguni, andika yote usiku huu huu asilale nayo.

mtendaji_wa_zamani

Na ujue shamba likiwa bondeni nje ya mpaka wa mji mdogo linaweza kuwa kwenye ardhi ya kijiji kingine kilicho hai. Huko sheria inarudi ile ya vijiji, halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu na hati ya kimila. Familia moja, karatasi moja, serikali mbili. Mpaka wa mji na vijiji waulizieni ofisi ya mipango miji, msimuulize mtu wa bodaboda.

PilipiliMbuzi

mwembe dodo sasa??

mjukuu_wa_kizuiani

Binamu kaenda leo asubuhi kaniletea picha. Mwembe ulishakatwa lakini kisiki kipo, kikubwa mtu anakalia, na kweli kuna mama anauza vitumbua juu yake. Anasema analipia ushuru wa soko hapo 😅 na kigingi cheupe kipo hatua kama ishirini kutoka kisiki, namba imeandikwa kwa rangi nyekundu ila picha haijaonyesha vizuri, nimemwambia arudi akaipige upya.

Ijumaa tunaondoka na mama mkubwa. Konda basi la kwanza Rangi Tatu saa ngapi?

KondaMstaafu

Fikeni kumi na moja alfajiri, kaeni upande wa kushoto jua lisiwachome... hapana subiri, mnaelekea kusini asubuhi, jua liko kushoto. Kaeni kulia.

Na mama mkubwa apite Ndundu daraja aone mto kwanza, ofisi zitamsubiri.